Bustani ya majira ya kuchipua kwa mama mjamzito
Katika jimbo la Minnesota, Marekani, baridi ya kugandisha inaweza kurudi hata katikati ya Mei, kwa hiyo usiharakishe kupanda mchicha wa kwetu Afrika, bali anza Aprili, udongo ukishayeyuka, na spinachi, ambayo huvumilia baridi na ina foleti, vitamini inayohitajika kujenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, ingawa haichukui nafasi ya vidonge vya kliniki.

Vaa glovu kila unapogusa udongo, kwa maana kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kisha nawa mikono kwa sabuni na osha mboga vizuri. Ukiweza, tumia sanduku la mbao lililoinuliwa hadi kiunoni, mgongo utakushukuru.

Chora kwa kidole mfereji wa kina cha sentimita 1 hivi, dondosha mbegu mojamoja, funika na nyunyiza maji taratibu. Hapo huja kazi ngumu kuliko kulima: wiki moja au mbili za kutazama udongo mtupu bila kuufukua. Mimi huona ni wakati mzuri wa kusoma Marko 4, habari ya mpanzi anayelala na kuamka huku mbegu ikikua asijue jinsi gani, na kumwombea mtoto ambaye naye hukua pasipo kuonekana.

Miezi ya mwisho, jembe na ndoo mwachie baba mtoto.