Jinsi ya kutengeneza modeli ya mtu anayejifunza, halafu uweke wawili wacheze pamoja

Kama unataka kuingia kwenye mambo ya kutumia kompyuta kuelezea binadamu anavyofikiri, usianze na mtandao mkubwa wa niuroni na usianze na data ya watu, anza na wakala mmoja, yaani mchezaji wa bandia wa kwenye kompyuta, mwenye paramita mbili tu (namba unazoweza kuzirekebisha kubadilisha tabia yake) ambaye unaweza kumkokotoa hata kwa kalamu. Ukimwelewa huyo mpaka mwisho utajua kabisa unadai nini kuhusu kichwa cha mtu. Wengi wanaruka hapo, wanaishia na grafu za kupendeza lakini ukiwauliza modeli inasema nini wanababaika.

Kwanza chagua swali. David Marr, mtafiti wa akili na ubongo, alituachia mgawanyo mzuri sana: akili inatatua tatizo gani, inalitatua kwa hatua zipi, na hizo hatua zinafanyika kwenye niuroni (seli za ubongo) kivipi. Sisi hapa tuko kwenye hilo la katikati, hatua zipi. Kazi yenyewe iwe hii: vitufe viwili, A kinatoa pointi 1 kwa uwezekano wa 70% na B kwa 30%, mshiriki haambiwi, anabonyeza raundi 100 anajifunza mwenyewe.

Kanuni ya kujifunza tunaichukua kwa Rescorla na Wagner, ya mwaka 1972, waliitengeneza kuelezea wanyama wanavyojifunza kuhusisha ishara na kinachofuata. Inasema hivi: thamani mpya = thamani ya zamani + alfa × (zawadi − thamani ya zamani). Basi. Alfa ni kasi ya kujifunza, kati ya 0 na 1. Tuseme kitufe A kina thamani 0.5 na alfa ni 0.2, umebonyeza ukapata 1, thamani inapanda mpaka 0.6, ukibonyeza tena ukakosa inashuka mpaka 0.48. Sasa weka alfa 0.9 uone: inaruka mpaka 0.95 halafu raundi moja ya kukosa inaiangusha mpaka 0.095, yaani huyo mtu anakumbuka cha mwisho tu. Hiyo tofauti ndani ya mabano inaitwa kosa la utabiri, na ndo sababu hii kanuni ndogo inaheshimiwa hivi, maana mwaka 1997 Schultz, Dayan na Montague walionyesha kwamba niuroni za dopamini (kemikali ya ubongo) za nyani zinawaka kwa namna inayofanana sana na hilo kosa.

Thamani peke yake haichagui, unahitaji kanuni ya pili. Kwa vitufe viwili, uwezekano wa kuchagua A = 1 / (1 + e^(−beta × (VA − VB))). VA na VB ni thamani za A na B, e ni ile namba 2.718, na beta ni jinsi mtu anavyofuata tofauti ya thamani: ikiwa 0 anabahatisha tu, ikiwa kubwa karibu kila mara anachagua chenye thamani kubwa. Tuseme VA ni 0.6 na VB ni 0.5, beta ikiwa 3 unapata 0.57, beta ikiwa 10 unapata 0.73. Usije ukaandika modeli inayochagua chenye thamani kubwa kila mara, kwanza watu hawako hivyo, pili mshiriki akibonyeza kitufe kingine hata mara moja tu modeli yako inakuwa imesema hilo haliwezekani kabisa na hesabu yote inaenda sifuri.

Kuandika programu yake kwenye Python ni lupu moja: kokotoa uwezekano, chagua kwa bahati nasibu, toa zawadi, rekebisha thamani ya kitufe kilichobonyezwa tu, rudia. Chora grafu ya thamani raundi kwa raundi na ucheze na alfa za 0.05, 0.2 na 0.9 mpaka ukiona grafu tu unaweza kukisia alfa ni ngapi.

Sasa kufitisha, yaani kutafuta alfa na beta zinazolingana zaidi na alichofanya mshiriki. Unachukua chaguzi za mshiriki, unaipitisha modeli juu ya hizo chaguzi na zawadi alizopata kweli, kila raundi unaandika uwezekano ambao modeli iliupa alichokichagua, unachukua logi asilia (ln) ya kila mmoja, unajumlisha. Hapo kuna kipimo cha kushika kichwani: mtu anayebahatisha tu kwenye raundi 100 jumla yake ni 100 × ln 0.5, yaani −69.3. Modeli yako ikipata −69 hujapata kitu, ikipata −45 kuna jambo. Halafu kabla hujatumia kitafutaji cha SciPy (maktaba ya hesabu ya Python) kikutafutie paramita bora, piga gridi kwanza, yaani jaribu kila mchanganyiko, alfa kuanzia 0 mpaka 1, beta kuanzia 0 mpaka 20, chora ramani yake. Utaona mara nyingi hakuna kilele kimoja safi, kuna mgongo mrefu, kwa sababu alfa ndogo yenye beta kubwa inaweza kutoa tabia inayokaribiana na alfa kubwa yenye beta ndogo, na kitafutaji hakitakuambia hilo, kitakupa namba moja tu na wewe utaiamini.

Ndo maana kuna hatua ambayo mimi naona bila hiyo usiguse data ya binadamu kabisa. Tengeneza washiriki wa bandia, tuseme 200, kila mmoja mpe alfa na beta unazozijua wewe, wacheze raundi zao 100, halafu jifanye hujui paramita zao na uzifitishe upya. Chora za kweli mlalo na ulizozipata wima. Zikikaa kwenye mstari wa mshazari sawa, endelea. Zikitawanyika ovyo, tatizo haliko kwa watu, liko kwenye kazi uliyowapa, na hapo ungekusanya data ya watu mia usingejua chochote kuhusu alfa zao. Dawa yake mara nyingi ni kuongeza raundi, au kugeuza uwezekano katikati, yaani kuanzia raundi ya 51 kitufe B ndo kinakuwa kizuri, maana kasi ya kujifunza inaonekana vizuri pale dunia inapobadilika, mtu akishazoea kitufe kimoja na akaking'ang'ania raundi 80 hakuna cha kupima tena.

Ukishapita hapo leta wapinzani: modeli ya kubahatisha, modeli ya "ukipata baki ukikosa hama", modeli yenye alfa mbili moja ya kupata na moja ya kukosa. Linganisha kwa BIC, kipimo kinachoitoza modeli kwa kila paramita, ambayo ni k × ln(n) − 2 × logi uliyopata, k ni idadi ya paramita na n ni idadi ya raundi, ndogo ndo bora. Kwa raundi 100 kila paramita ya ziada inakutoza 4.6, kwa hiyo alfa ya pili lazima ipandishe logi zaidi ya 2.3 ndo ihesabike imelipa. Na mshindi mwendeshe acheze mwenyewe uone kama anatoa tabia ya washiriki, kushinda BIC kati ya modeli mbovu haimaanishi chochote.

Sasa weka wawili. Tumia mtanziko wa mfungwa, mchezo ambao kila mmoja anachagua kushirikiana au kusaliti: wote wakishirikiana kila mmoja 3, wote wakisalitiana 1 kila mmoja, mmoja akisaliti mwenzake akishirikiana msaliti anapata 5 na mwingine 0. Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye programu. Wote wachague kwanza ndo wote warekebishe thamani, ukimwacha wa kwanza ajirekebishe kabla wa pili hajachagua umeshabadilisha mchezo. Na zawadi gawanya kwa 5, kwa sababu beta 3 kwenye tofauti ya pointi 2 inatoa uwezekano wa 0.998, wakala wako anakuwa mgumu kama jiwe na utadhani ni tabia yake kumbe ni kipimo.

Ukiwaendesha wakiwa hawana kumbukumbu mara nyingi wataishia kusalitiana, maana mwenzako afanye lolote kusaliti kunalipa zaidi raundi hiyo. Na ona kilichobadilika: vitufe havikuwa vinakusoma, mwenzako anakusoma, dunia yako inasogea kwa sababu yako. Wape kumbukumbu ya raundi iliyopita, hali nne (mimi nilishirikiana au nilisaliti, mwenzangu vilevile), na wape gama, yaani kiasi cha kujali kesho, kama kwenye Q-learning ya Watkins ya 1989, kanuni ya kujifunza inayohesabu pia zawadi za mbele. Halafu mweke mmoja dhidi ya "nipe nikupe", mkakati aliouleta Anatol Rapoport ukashinda mashindano ya programu za mtanziko huu ya Robert Axelrod yaliyochapishwa 1980: anaanza kwa kushirikiana halafu anaiga ulichofanya mara ya mwisho. Kwa pointi hizi, kushirikiana naye kila raundi kunalipa kuliko kumsaliti kwa mpangilio wowote, hata wa kusaliti na kushirikiana kwa zamu, pale tu gama inapozidi 2/3. Jaribu 0.3 halafu 0.9 uone, na alfa iwe ndogo uwape raundi nyingi.

Watu lakini hawajifunzi kwa zawadi tu, wanamwaza mwenzao. Mchezo wa Rosemarie Nagel wa 1995 unaonyesha vizuri: kila mtu ataje namba 0 mpaka 100, anayekaribia theluthi mbili za wastani anashinda. Asiyewaza yuko 50, anayemwaza huyo anasema 33, anayemwaza huyo wa pili anasema 22, na ukiendelea bila kikomo unafika 0. Watu halisi kwenye jaribio lake wastani ulikuwa karibu 37. Kwa hiyo usimpe wakala wako akili isiyo na mwisho, mpe ngazi, yaani hatua ngapi anamwaza mwenzake, na ngazi iwe paramita ya kufitisha.

Kila simulesheni iendeshe mara nyingi kwa namba mbegu tofauti (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), na uhifadhi hizo namba, usionyeshe mwendo mmoja uliokupendeza. Na ukija kufitisha data ya watu wawili waliocheza pamoja, kila mmoja mfitishe kwa kumpa chaguzi halisi za mwenzake raundi kwa raundi, sio chaguzi ambazo modeli yako inadhani mwenzake angefanya.