Namna ya Kugawa Muda wa Kazi, Mapumziko na Andiko Lako Mwenyewe Ukiwa Mwandishi Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unamhusu mtu anayeishi kwa kalamu akiwa nyumbani kwake Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe: anayetafsiri, anayeandika ripoti za miradi, makala na hotuba za watu, na ambaye kabatini ana mswada wa riwaya au wa mashairi ambao haujaisha kwa sababu hajawahi kuupa muda. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na moja katika mtaa ulio chini ya mlima Loleza, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza nimejifunza baada ya kuyakosea. Ushauri wangu mkuu ni mmoja: panga kwanza mapumziko na andiko lako mwenyewe, kisha kazi za wateja zichukue nafasi iliyobaki, kwa kuwa kazi za wateja zikitangulia hazibakishi kitu.

Mwaka mmoja nilipokea kazi tatu kwa pamoja mwezi Juni, na kwa wiki tano nikawa nalala saa nane usiku. Tafsiri ya mwongozo wa kilimo niliyoikabidhi ilirudishwa na mhariri, naye alikuwa na haki: aya moja ya kupalilia maharage nilikuwa nimeitafsiri mara mbili, mwishoni mwa ukurasa wa 14 na tena mwanzoni mwa ukurasa wa 15, kila mara kwa maneno tofauti, wala sikukumbuka kuiandika hata mara moja kati ya hizo mbili. Malipo yalicheleweshwa miezi mitatu. Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue daftari na kuanza kuandika kila siku nimefanya kazi saa ngapi, nimeandika maneno mangapi na nimelala lini. Nawe anzia hapo. Andika kwa wiki nne bila kubadilisha lolote, kwa sababu huwezi kugawa vizuri kitu ambacho hujakipima.

Chagua saa kulingana na majira ya huku

Vitabu vingi vya ushauri humtaka mwandishi aamke saa kumi alfajiri mwaka mzima. Ushauri huo haufai kila mahali. Mbeya iko mbali magharibi ya Dar es Salaam lakini tunatumia saa ileile, kwa hiyo mwezi Julai jua letu huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi, ilhali mwezi Novemba huwa limeshatoka kwenye saa kumi na mbili na robo. Ukiongeza baridi ya mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mtu anayejilazimisha kukaa mezani alfajiri ya Julai anaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi, na anachokiandika kinaonyesha hivyo. Mimi kuanzia Novemba hadi Machi huanza saa kumi na mbili na nusu. Juni hadi Agosti naanza saa mbili, nikiwa nimekwisha kunywa chai ya tangawizi, na kiti nakisogeza barazani upande unaopata jua.

Hapa naomba usomaji wa makini. Usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili upate joto la kuandikia au la kulalia. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulegea, akasinzia na kufa bila kujua kinachomtokea. Vaa sweta mbili, jifunge blanketi miguuni, na jiko libaki nje.

Ukishaipata saa yako, usiirefushe sana. Saa nne za kuandika kwa umakini zinatosha kwa siku. Barua, ankara, simu na kupitia rasimu vipewe mchana. Anthony Trollope wa Uingereza, mtumishi wa posta, alikuwa akiketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuandika kwa saa tatu huku saa yake ikiwa mbele yake, kabla ya kwenda kazini, akaacha makumi ya riwaya. Hapa kwetu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, akaandika akiwa na ajira. Nawataja hawa kwa ajili ya mwalimu wa Mafinga au muuguzi wa Tukuyu anayedhani kwamba ni lazima aache kazi ndipo awe mwandishi. Saa moja na nusu isiyoguswa na mtu, kila siku, itakufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima ya mara mojamoja.

Hesabu siku kabla ya kusema ndiyo

Wengi wetu hupotezea mapumziko yetu katika dakika ile ya kwanza ya simu, mteja anapouliza "itakuwa tayari lini?" nasi tukajibu kwa kutaka kumpendeza. Jizoeze kujibu kwamba utampigia baada ya saa moja, kisha fungua daftari.

Tuseme kazi ni ya maneno 12,000, na daftari linasema kwamba huandika maneno 800 safi kwa siku. Hizo ni siku 15 za kuandika. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kupitia na kusahihisha, yaani siku 5, unapata siku 20, ambazo kwa siku tano za kazi kwa wiki ni wiki nne. Sasa ongeza wiki ya tano, kwa sababu ndani ya mwezi umeme utakatika, mtoto ataugua au jirani atafiwa. Mwambie mteja wiki tano na umalize kwa nne ikiwezekana. Akisema anaitaka kwa wiki mbili, huyo anaomba usiku wako na Jumapili zako, navyo vina bei: ama alipe zaidi, ama kazi ipunguzwe, ama aende kwa mwingine. Dai malipo ya awali kabla ya kuanza. Mwandishi ambaye hajalipwa chochote hushindwa kupumzika hata akilala, kwa kuwa kodi ya nyumba inamngoja.

Kwa wenye shamba, hesabu hiyo ifuate mvua. Mvua zetu huanza Novemba, na mahindi hayamngoji mtu. Mimi siahidi kukabidhi kazi yoyote kati ya katikati ya Novemba na wiki ya kwanza ya Desemba, na wateja wangu wa kudumu wameshazoea.

Andiko lako mwenyewe

Kwa ndugu zangu wa Rungwe, mwenye shamba la chai huuza majani mabichi na kupata fedha ya ada za shule na mabati. Hata hivyo sijamwona aking'oa migomba iliyozunguka nyumba ili apate nafasi ya michai zaidi. Ndizi hizo hazimpi fedha nyingi, lakini ndizo anazokula, na mgeni akifika ndizo anazopikiwa. Kazi za wateja ni chai. Riwaya yako, shairi lako, kumbukumbu za bibi yako unazotaka kuziandika kabla hajaondoka, hizo ni migomba ya nyumbani, na zinapong'olewa mtu huendelea kupata fedha lakini hukauka. Nimekauka hivyo, najua jinsi inavyokuwa: unaandika kwa ufasaha juu ya mambo ya watu wengine, na jioni huna neno hata moja ambalo ungependa kumsomea mwenzako.

Kwa hiyo dakika 30 za kwanza za siku ziwe za andiko lako, kabla ya kuwasha simu. Siku nzima ikiharibika baadaye, hizo zimeshapatikana. Tumia daftari na kalamu kwa sehemu hii, maana umeme wa msimu wa mvua hauaminiki na bando la intaneti humwita mtu kutazama mambo mengine. Simama ukiwa bado unajua sentensi inayofuata, uiandike nusu, na kesho utaanza bila kuhangaika. Wiki hii sentensi yangu iliishia kwenye "Mzee akafungua mlango wa ghala na", na asubuhi yake sikuhitaji hata kufikiri.

Usiiwekee kazi hiyo bei mapema. Tarehe ya mwisho inasaidia, na mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu yanaweza kukupa tarehe hiyo, lakini mtu anayeandika kwa kuyawazia majaji tu amejitafutia mteja mwingine. Kilichonipa uradhi wa kweli ni kidogo zaidi: kila Ijumaa jioni namsomea mke wangu kurasa mbili kwa sauti. Akiacha kuchambua mchicha ili asikilize, najua sehemu hiyo imekaa vizuri.

Mapumziko yenyewe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, dakika 60 za mapumziko katika siku ya kazi inayozidi saa tano, angalau saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Wewe uliyejiajiri huna bosi wa kukupa haya, lakini mwili wako ni uleule. Yachukue kama kipimo, uyaandike kwenye kalenda ya ukutani kwa wino kabla ya kazi yoyote.

Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali kwa sekunde 20. Huku tumejaliwa milima. Meza yangu niliihamishia dirishani kwa ajili hiyo, na maumivu ya kichwa ya jioni yamepungua sana.

Kikwazo kikubwa si mwili, ni mazoea ya watu. Anayeshinda nyumbani huhesabiwa kuwa yuko huru. Jirani yangu alizoea kubisha hodi saa tatu asubuhi: "Mwalimu, nakuachia mtoto, nafika Mwanjelwa narudi sasa hivi." Nilinyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kumuudhi, nikawa na kinyongo ambacho yeye hakukijua. Siku niliyomweleza ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. "Mama, mimi hadi saa sita na nusu niko kazini kama walioko ofisini. Baada ya hapo mlete, tutakula naye." Tukakubaliana kwamba pazia la dirisha la mbele likiwa limefungwa, ninaandika. Sasa yeye ndiye anayewarudisha wengine getini.

Misiba ni jambo jingine kabisa. Usiikwepe kwa sababu ya kazi, wala usiihesabu kuwa mapumziko, kwa kuwa usiku wa kukesha na kubeba maturubai huchosha kuliko kuandika. Tenga siku mbili kila mwezi zisizo na kazi yoyote kwa ajili ya shughuli za jamii. Zisipohitajika, zipeleke kwenye mswada wako.

Likizo ndefu niligawa mara mbili: wiki mbili za kupanda, na wiki mbili mwishoni mwa Agosti baada ya mavuno, ambapo sishiki kalamu ila nasoma, natembelea ndugu Tukuyu na kulala mchana. Wateja hupata ujumbe mwezi mmoja kabla: "Kuanzia tarehe 17 Agosti hadi 30 sitapokea kazi wala simu za kazi. Yenye haraka iletwe kabla ya tarehe 27 Julai." Mara ya kwanza niliutuma nikiwa na hofu ya kuwapoteza. Wawili walileta kazi zao mapema, mmoja aliniuliza kama huku kwetu bado kuna baridi, na wengine hawakujibu chochote, wakarudi Septemba.