Kumtundikia mgonjwa plazma ya aliyepona: ninavyofanya kando ya kitanda

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 2020 nilikuwa wodi ya Korona katika hospitali moja ya Minnesota, Marekani, jimbo ilipo Mayo Clinic iliyoongoza mpango wa nchi nzima wa kuwapa wagonjwa plazma ya waliopona. Wauguzi wenzangu wa nyumbani huniuliza jinsi kazi hii inavyofanyika, nami naanza na jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema: uliza dalili zilianza lini, kabla hujauliza begi liko wapi.

Plazma ni maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa. Ya aliyepona imebeba kingamwili zake, na ukimpa mgonjwa unamwazima askari wakati wake hawajapatikana. Akishapata wake, au uvimbe ukishatawala mapafu, mkopo huo humsaidia kidogo sana. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilikuwa na wagonjwa 11,558 waliolazwa, na ndani ya siku 28 walifariki asilimia 24 kila upande, waliopewa na wasiopewa. Mulago, Kampala, jaribio la wagonjwa 136 nalo halikuona nafuu. Lakini Argentina wazee 160 walipangiwa plazma yenye kingamwili nyingi au maji ya chumvi, ndani ya saa 72 tangu dalili kuanza: waliozidiwa kupumua walikuwa asilimia 16 kwa plazma, 31 kwa maji ya chumvi. Kundi jingine linalofaa kufikiriwa ni wale ambao mwili wao hautengenezi kingamwili, kama mgonjwa wa saratani ya damu au aliyepandikizwa figo. Tangu Desemba 2021 Marekani imewabakishia hao tu, na mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema wenye Korona isiyo kali wasipewe, na wenye Korona kali au walio mahututi wapewe ndani ya utafiti tu. Kwa hiyo daktari akiandika plazma kwa mgonjwa wa siku ya kumi na mbili, muulize sababu. Ni haki ya mgonjwa wako.

Mchangiaji ni kazi ya benki ya damu: awe amepona kabisa, apimwe UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na mwanamke aliyewahi kubeba mimba apimwe kingamwili zinazoweza kuumiza mapafu ya mpokeaji. Wewe hakikisha lebo inasema kingamwili ni nyingi.

Kundi la damu ndipo wengi hujikwaa. Tumezoea kwamba chembe za O hupewa kila mtu. Kwenye plazma geuza: plazma ya AB ndiyo inayomfaa kila mtu, na ya O ni ya wenye O peke yao, kwa sababu imebeba kingamwili zinazoshambulia chembe za A na za B.

Kisha kaa na mgonjwa umweleze. Nilikuwa na mzee mmoja Mkongomani, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, siku ya tatu ya homa, oksijeni puani. Akaniuliza, "Mama, hiyo damu ni ya nani?"

"Baba, ni ya mtu aliyeugua kama wewe akapona. Jina lake hata mimi silijui."

"Na yeye hakuwa na ugonjwa mwingine?"

"Wamempima."

Akafumba macho kidogo, kisha akaomba kalamu asaini kukubali. Mueleze kila mmoja hivyo, kwa lugha yake, na umuulize kama dini yake inamruhusu. Mashahidi wa Yehova wengi hukataa plazma.

Weka kanula nzuri, mrija mdogo wa mshipani, kabla hujaagiza begi liyeyushwe, maana likishayeyuka saa inahesabika. Likitoka kwenye friza ni gumu na linapasuka likianguka. Benki huliyeyusha kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 37, likiwa ndani ya mfuko mwingine. Likifika kwako lina rangi ya samli. Litazame kwenye mwanga: likivuja au likiwa na mabonge, lirudishe. Mkague wawili, kwa sauti, mkisoma bangili ya mgonjwa na si faili: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya begi, kundi, muda wa kuisha. Tumia mpira wa kuongezea damu wenye chujio, na usichanganye na kitu chochote isipokuwa maji ya chumvi ya kawaida.

Pima joto, mapigo, presha, pumzi na oksijeni. Dakika 15 za mwanzo iende polepole, mililita moja au mbili kwa dakika, na usiondoke hapo. Baadaye ongeza, begi moja ni takriban mililita 200, na lisizidi saa nne.

Kosa langu lilikuwa kwa mama mwenye moyo dhaifu. Aliandikiwa mabegi mawili, nikayafuatanisha bila kupumzika kati yake. La pili lilipofika nusu alianza kukohoa, akakataa kulala chali, presha ikapanda: maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Tulimwinua, tukampa dawa ya kukojoza, akatulia alfajiri. Tangu usiku ule, mwenye moyo au figo mbovu namwombea daktari begi moja, liende taratibu. Presha ikishuka huku oksijeni nayo ikiporomoka, hasa kukiwa na homa, hayo huenda ni mapafu yaliyoumizwa na plazma yenyewe, na dawa ya kukojoza haitasaidia. Vipele na mwasho ni mzio. Kwa lolote kati ya haya funga dripu kwanza, badilisha mpira, weka maji ya chumvi, ita daktari, na urudishe begi lililobaki benki ya damu.

Plazma ikiisha, endelea kumchungulia kwa saa sita, maana madhara ya mapafu hujitokeza ndani ya muda huo. Kwa yule baba nilimaliza saa tatu na dakika arobaini usiku, nikawa narudi kila saa kupima na kuandika. Saa tisa nilimkuta yu macho, oksijeni iko palepale, haijapanda wala kushuka. Nikaandika hivyohivyo.