Kugawana Kazi za Jioni na Rozari Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Dodoma, mama husonga ugali wa uwele na kupika mlenda huku wengine wakisubiri kuitwa kusali, naye hufika kwenye Rozari, sala ya Kikatoliki ya Bikira Maria, akiwa amechoka kuliko wote. Anzeni basi na kazi: baba achote maji, kwani ndoo haijui mume wala mke, na watoto, wavulana kwa wasichana, waoshe vyombo kwa zamu zilizobandikwa ukutani. Kisha gawaneni makumi matano ya Rozari (kila kumi ni Salamu Maria kumi), kila mmoja aongoze kumi lake. Jumatatu na Jumamosi husaliwa matendo ya furaha, Alhamisi matendo ya mwanga, yaani matukio ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa. Mdogo akisinzia, mwacheni alale. Jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani, ikisali kwenu, baba ndiye apange viti na kuchemsha chai.