Taa ya ngazini kwa mwanga wa dirishani

Ukikaa nyumba za Mji wa Kale unajua ngazi zetu zilivyo na giza. Ya kwetu nimeiwekea taa nyekundu ya LED, kitaa kidogo kinachokula umeme kidogo sana, kwenye kona inapopinda, na haivuti umeme wa mita hata chembe.

Siri ni aina ya seli ya sola, kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Usichukue ile ya buluu ya juani. Ndani ya nyumba huzubaa. Tafuta ya rangi ya kahawia iliyoiva, kama ile ya kalkuleta, ya volti 5. Jua la nje hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, chumbani mara nyingi hazizidi 500, kwa hiyo iweke karibu na dirisha iwezekanavyo, hata kama jua lenyewe haliingii.

Seli hiyo haiwezi kuwasha taa moja kwa moja. Ijaze kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya faradi 1, volti 5.5, kupitia dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ili usiku chaji isirudi nyuma. Halafu swichi, rezista (ya kupunguza mkondo) ya kiloomu 22, na LED. Nyekundu hutosheka na takriban volti 2. Nyeupe hutaka karibu 3, itazima mapema. Inapita kama miliampea 0.1 tu, lakini gizani inatosha kukuonyesha ngazi ilipo, na hufifia polepole kwa saa kadhaa. Mchana zima swichi.

Na hewa yetu ya chumvi jamani! Viungo ulivyolehemu kwa risasi vipake rangi ya kucha, la sivyo vitaota kutu ya kijani.