SOMO: Jinsi ya kupanga upya divisheni za NHL ligi ikiongeza timu (maswali yapo chini)

Wadau wa hoki ya barafu habari zenu. Sa hivi NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, ina timu 32 kwenye konferensi mbili, Mashariki (divisheni za Atlantic na Metropolitan) na Magharibi (Central na Pacific), yaani divisheni 4 zenye timu 8 kila moja, imekaa vizuri kabisa. Ila kila siku Atlanta na Houston zinatajwa kupewa timu, na ramani nyingi ninazoziona watu wanachora zinahamisha timu nane tisa bila sababu, kwa hiyo leo tupange pamoja hatua kwa hatua, tuchukulie hizo mbili zimeingia tumefika 34.

Hatua ya 1, weka ramani pembeni uangalie saa. Hii ndo kubwa kuliko zote. Detroit iko kwenye saa za Mashariki ila mpaka 2013 ilikuwa inacheza Magharibi, yaani mechi ikianza Los Angeles saa moja na nusu jioni, shabiki wa Detroit kwake ni saa nne na nusu usiku, mpaka iishe ni karibu saa saba na kesho kuna kazi, mtoto wa shule ndo kabisa haioni, na timu ambayo watoto hawaioni inapoteza mashabiki wa baadaye. Ndo maana 2013 Detroit na Columbus zikapelekwa Mashariki, Winnipeg ikaenda Magharibi. Leo timu zote 16 za Mashariki ziko kwenye saa zile zile za Mashariki. Msiguse hapo.

Hatua ya 2, andika watani wa jadi kabla hujaandika divisheni. Calgary na Edmonton, Pittsburgh na Philadelphia, Montreal na Boston, hao hawatenganishwi. Detroit na Chicago walitenganishwa 2013 na sa hivi wanakutana mara mbili tu kwa msimu wa kawaida, ile ladha imepungua sana na mimi inaniuma mpaka leo.

Hatua ya 3, ingiza wageni mmoja mmoja. Atlanta nenda Metropolitan, ikae na Carolina na Washington. Houston nenda Central na Dallas. Basi. Kila upande una 17, divisheni moja ya 9 na nyingine ya 8, na hakuna timu hata moja iliyohamishwa.

Najua wengi mnataka kuzitoa Tampa na Florida kule Atlantic mziweke na Atlanta na Carolina, kwenye ramani inapendeza kweli. Lakini hiyo ilishakuwepo, iliitwa Southeast na ikafutwa 2013, halafu wakanada kibao wanakimbilia Florida kipindi cha baridi, Montreal au Toronto ikija uwanja unajaa, sasa kwa nini uwanyang'anye mechi za namna hiyo?

Hatua ya 4, piga hesabu ya ratiba maana mpango mzuri unafia hapa. Kuanzia msimu wa 2026-27 mechi ni 84. Wa konferensi yako 16 cheza nao mara tatu tatu, 48. Wa upande wa pili 17 mara mbili mbili, nyumbani na ugenini, 34. Jumla 82, zinabaki 2, hizo wape watani. Inakubali uwe kwenye divisheni ya 9 au ya 8.

MASWALI

Swali: Mkuu, wa kwenye divisheni ya 9 si anaonewa? Kuingia tatu bora zinazokwenda mtoano kati ya 9 ni ngumu kuliko kati ya 8.
Jibu: Kidogo ndiyo kaka, ila kila konferensi ina nafasi mbili za ziada za mtoano zinazoenda kwa pointi bila kujali divisheni, zinapunguza makali. Na kuanzia 2017 Vegas ilipoingia mpaka 2020 Pacific ilikuwa na 8 na Central 7, ligi ikaenda tu.

Swali: Na kama badala ya Houston wakairudisha Arizona?
Jibu: Hapo nenda Pacific, iwe 9, Central ibaki 8. Hesabu ya ratiba haibadiliki.

Swali: Mwalimu, Winnipeg ilifanyiwa nini ile 2011, nasikia ilikuwa mateso.
Jibu: Timu ya Atlanta ilihamia Winnipeg ikaachwa kwenye Southeast misimu miwili, timu ya katikati ya Canada wapinzani wake wa divisheni wako Florida, Carolina na Washington. Ndege kila wiki. Ndo ujue kwa nini nasisitiza upange kabla timu haijaanza kucheza.

Swali: Mimi niko Nairobi, nifuate divisheni gani nisikeshe?
Jibu: Fuata Pacific. Kipindi cha baridi mechi ya Seattle ya saa moja jioni huku ni saa kumi na mbili asubuhi, unaangalia na chai. Za Mashariki zinaanza saa tisa usiku, labda uvizie zile za wikendi mchana, ikianza saa saba kule huku ni saa tatu usiku.