Namna ya Kuchagua Akaunti za Kufuata kwa Biashara ya Keki

Nilipoanza kuuza keki kupitia Instagram, nilimfuata kila aliyenifuata, kwa kuwa niliaminishwa kwamba ndivyo wateja wanavyopatikana. Orodha ikavuka akaunti 2,000, na siku moja tangazo la kukatika kwa umeme mtaani kwetu likanipita, limefunikwa na video za wachekeshaji. Keki mbili za sendofu zikazama katikati zikiwa ndani ya oveni. Leo ninafuata akaunti 84.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kushika simu, andika kwenye daftari maamuzi unayoyafanya kila wiki. Kwangu ni manne: bei ya kuuzia, siku za kuoka, mahali pa kununua malighafi na aina ya mapambo. Akaunti isiyogusa hata uamuzi mmoja kati ya hayo, hata kama ni ya shoga yako, ifuate kwa ukurasa wako binafsi.

Hatua ya pili. Anza na mamlaka zinazokuhusu kwa sasa. Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), ambayo ikawa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, hivyo mwokaji anayesubiri tangazo la vyakula kutoka TMDA atasubiri sana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza, nami huzisoma kabla ya kupatana na bodaboda anayepeleka keki Mbezi au Kigamboni. Usiitafute taasisi kwa kuandika jina lake tu, maana akaunti za kughushi nazo hujitokeza; ingia kwenye tovuti yake inayoishia na .go.tz, kisha ubonyeze alama ya mtandao unaoutaka. Tiki ya bluu peke yake haitoshi, kwa kuwa tangu 2023 Meta, kampuni inayomiliki Instagram, huitoa pia kwa malipo ya kila mwezi.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniletea oda nyingi zaidi, ni kuwafuata wanaokutana na mteja kabla yako: wapambaji, wenye kumbi, washereheshaji na wapiga picha. Usihesabu wafuasi wao. Fungua machapisho 10 ya mwisho ya mpambaji na usome maoni: ukikuta watu wanauliza "bei gani?" na "mnapatikana wapi?", naye anawajibu, mfuate; ukikuta vikatuni vya moto na makofi tu, mwache. Wauzaji wa unga, siagi na maboksi wachuje vivyo hivyo. Washindani watatu wanatosha, na kwao soma malalamiko ya wateja badala ya kuiga mapambo. Kurasa za umbea ziache kabisa, kwani mteja anaweza kuifungua orodha yako na kuona unachokifuatilia.

Hatua ya nne. Instagram inaruhusu akaunti hadi 50 katika orodha ya vipendwa, ambazo machapisho yake hupandishwa juu. Waweke humo shirika la umeme, mamlaka na wauzaji wa malighafi. Unapopunguza orodha ya zamani usiharakishe, kwa sababu kuondoa akaunti nyingi kwa mpigo huweza kuufanya mtandao uzuie ukurasa wako kwa muda. Mimi niliondoa 40 kila usiku, keki zikiwa zinapoa.